Miaka 19 nimepandisha wageni Kilimanjaro, safari hii nikaongozwa mimi: siku nane Iceland

Mgumu_wa_Marangu

Wakuu, habari za humu.

Kuna mdau kwenye ule uzi wa viatu vya mlima alinibana nieleze Iceland nilikwenda kufanya nini, nikamwahidi nitafungua uzi. Hiyo ni tangu mwaka jana. Sasa ni mwezi wa nne, Moshi inanyesha usiku na mchana, wageni hakuna, na mama watoto kanichoka kuniona sebuleni. Basi naandika. Mwenye haraka apite tu.

Kwa wasionijua: nilianza kupanda Kilimanjaro 2003 nikiwa mgumu, yaani mpagazi, mzigo wa mgeni kichwani na begi langu mgongoni. Nikaingia jikoni, nikawa msaidizi, mwisho nikapata leseni ya kuongoza. Kileleni nimefika mpaka nikaacha kuhesabu. Kwa hiyo Agosti 2022 nilipojikuta mimi ndiye mgeni, macho yangu yalikuwa kwa yule anayetuongoza kuliko hata kwenye barafu. Anatembeaje, anasema nini mtu akigoma kuendelea, anakula nini, analipwa nini.

Gharama zote alibeba dada yangu, muuguzi Bergen kule Norway. Alinialika kumsalimia, nikafika, siku ya tatu ananiwekea karatasi mezani: safari ya kuongozwa Iceland, siku nane, basi dogo, watu kumi na wanne. Akaniambia, "Maisha yako yote unawahangaikia watu mlimani. Nenda na wewe ukahangaikiwe." Tukaenda wote wawili.

Viza wengi mtauliza, nimalize hapa. Iceland iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, tangu 2001. Mimi niliomba kupitia Norway kwa sababu ndiko nilikokaa siku nyingi zaidi, na kutoka Oslo nikatua Keflavík, uwanja wao wa ndege, kama mtu aliyetoka KIA kwenda Dar, hakuna aliyeniuliza pasipoti.

Ndege inashuka naangalia dirishani: mawe meusi mpaka upeo wa macho, juu yake ukoga wa kijani kama zulia, mti hakuna hata mmoja. Nikamgusa dada, "Hii si Saddle hii?" Waliopanda wanaijua, lile jangwa kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Tofauti ni kwamba Saddle unaifikia siku ya tatu kichwa kinagonga. Hii iko usawa wa bahari na kuna mtu anauza kahawa.

Na jana yake tu, tarehe 3 Agosti, ardhi ilikuwa imepasuka bonde la Meradalir, si mbali na huo uwanja. Lava inatoka. Abiria wa upande wa kushoto wote walikuwa wamebandika simu kwenye vioo.

Naendelea, ngoja nichemshe chai.

Mwezi_Mchanga

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu. Na picha usisahau.

Mzee_wa_Fitina

Anayechemsha chai ndiye huyo huyo anayetunywesha chai. Mpagazi na Iceland wapi na wapi? Uzi wa kuomba wafadhili huu.

Mgumu_wa_Marangu

Mzee wa Fitina karibu, kiti kipo.

Siku ya kwanza na ya pili nazipitia haraka, ni zile sehemu ambazo kila basi linapita. Þingvellir (hiyo herufi ya mwanzo itamke kama "th" ya thelathini) ndipo Waiceland walipoanzisha bunge lao mwaka 930, wazi juani, wamesimama kwenye miamba. Hapo hapo mabamba mawili ya dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kama sentimita mbili kwa mwaka. Unatembea kwenye korongo katikati. Mtu aliyekulia karibu na Bonde la Ufa hashtuki sana, ila sisi letu ni pana hadi hulioni, lao unaona kuta zote mbili.

Strokkur ni chemchemi inayorusha maji ya moto juu kila baada ya dakika chache. Kila mtu ameshika simu, linapotoka anashtuka anapiga picha ya kidole chake. Nami nimo.

Gullfoss ndipo nilipokaa kimya. Mto mzima unashuka ngazi mbili, jumla mita 32, halafu unaingia kwenye ufa huoni unakoishia. Mwanzoni mwa karne iliyopita walitaka kuufunga kwa umeme. Binti wa shamba lile, Sigríður Tómasdóttir, alipambana nao miaka, akaenda Reykjavík kwa miguu, na inasemwa alitishia kujitupa majini wakianza kuchimba. Wakili wake baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi hiyo. Bwawa halikujengwa.

Sasa mambo ya Seljalandsfoss. Haya ni maporomoko ya mita 60 hivi ambayo njia inapita nyuma yake, unazunguka unatokea upande wa pili. Mwongozaji wetu, kijana wa kama miaka thelathini na tano, ndevu nyekundu, alikuwa ametukagua jaketi mmoja mmoja ndani ya basi. Akafika kwangu, akashika kitambaa kwa vidole viwili, akauliza, "Hii ni ya mvua?" Nikamjibu kwa kiburi kabisa kwamba imefika mita 5,895 mara nyingi. Akaniangalia, akasema sawa.

Wakuu, nilitoka kule nyuma ya maji nimelowa mpaka kitambulisho cha NIDA kwenye pochi. Mvua ya Kilimanjaro inakupata mara moja msituni, halafu unapanda unaiacha chini. Ile ya Iceland inatoka juu, inatoka pembeni, na kwenye maporomoko inatoka chini. Akafungua boksi la akiba nyuma ya basi akanipa jaketi la mpira la wavuvi, rangi ya chungwa, bila kusema neno. Hapo nikampa alama ya kwanza. Mimi kuna wageni nimewahi kuwaambia "si nilikwambia."

Skógafoss iko mwendo mfupi kutoka hapo. Pembeni kuna ngazi zaidi ya 500 za kufika juu. Wenzangu wanahema, mimi napanda pole pole kwa mazoea, wakanipita wote, juu kabisa nikawakuta wamekaa chini nikawapita mimi. Dada alicheka.

BintiForodhani

Assalaam alaykum. Mie nna masuala mawili. Kwanza, majira hayo ya joto jua halizami, mtu anaswali vipi? Pili, hao watu majina yao yote yanaishia dóttir na son, ni ukoo mmoja?

Mgumu_wa_Marangu

Waalaykum salaam dada. Tulifika Agosti, jua lilikuwa linazama kama saa nne na nusu usiku, na giza la kweli sikuliona. Juni ndiyo balaa, linazama usiku wa manane na baada ya saa tatu limerudi. Kwenye kundi letu alikuwepo kijana wa Morocco, yeye alijumuisha Magharibi na Isha akisema msafiri ana ruhusa. Zaidi ya hapo waulize masheikh, mimi ni Mlutheri.

Majina: hawana ukoo, wana baba. Son ni bin, dóttir ni binti. Vigdís Finnbogadóttir aliyechaguliwa kuwa rais 1980 ni Vigdís binti Finnbogi, basi. Kaka na dada hawafanani jina la pili, na rais wanamwita kwa jina lake la kwanza. Mwongozaji alikuwa anatueleza hili kwa taabu kweli, anachora kwenye kioo cha basi. Nikamwambia mbona kwetu pwani ndivyo hivyo hivyo. Wazungu wote kwenye basi wakageuka.

BintiForodhani

Kumbe watu wa maana hao.

Mgumu_wa_Marangu

Siku ya nne, Sólheimajökull. Hapa nitakaa kidogo.

Jökull kwao ni barafu kubwa ya kudumu. Hii ni ulimi unaoteremka kutoka Mýrdalsjökull, na chini ya Mýrdalsjökull amelala Katla, volkeno ambayo mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa 1918. Yaani moto chini, barafu juu. Ukilipuka, kinachokimbilia pwani ni mafuriko ya maji, matope na mapande ya barafu. Watu wa vijiji vile wanajua kabisa wakimbilie mlima gani.

Kutoka maegesho unatembea pembezoni mwa ziwa la maji ya kijivu lenye vipande vya barafu vinavyoelea. Mwongozaji akasimama mbele ya kibao. Akasema wanafunzi wa shule ya Hvolsvöllur, mji wa jirani, wanakuja kila mwaka tangu 2010 kupima barafu imerudi nyuma mita ngapi. "Na hili ziwa," akasema, "nilipokuwa na umri wao halikuwepo. Ilikuwa barafu mpaka hapa tuliposimama."

Halafu akafungua magunia. Helmeti, mkanda wa kiunoni, shoka la barafu, na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu. Alipiga magoti akamfunga kila mtu mwenyewe, watu kumi na wanne, anavuta kamba anauliza inabana? Sheria ikawa moja: tembea kama unaua mende, mguu wote chini, meno yote yaume.

Sasa mimi miguu yangu imezoea changarawe ya Kibo. Ukishuka kutoka Stella Point, pale ukingoni juu, unatua kisigino, unateleza na changarawe yako, raha mustarehe. Mteremko wa kwanza tu mwili ukajiendesha wenyewe. Nikatua kisigino. Meno mawili ya nyuma yakashika, mengine hewani, nikaenda kwa makalio kama mita nne hadi nikamgonga mama mmoja wa Denmark, mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa amesimama imara kama nguzo ya umeme. Akanidaka kwa mkanda.

Mwongozaji akashuka taratibu. Hakucheka. Akaniuliza, "Nyumbani unafanya kazi gani?"

Nikasema, mkulima wa kahawa.

Si uongo, migomba na kahawa ninayo. Ila dada yangu, Mungu anamwona, akasema kwa sauti kundi zima lisikie: "Huyu ni guide wa Kilimanjaro, miaka 19." Kimya. Halafu kicheko kilichotoka hapo naamini Katla aligeuka usingizini.

Tangu hapo yule jamaa akawa ananitembeza mbele pamoja naye, na mengi nilijifunza njiani. Barafu ile si nyeupe, imejaa majivu meusi ya volkeno. Kuna sehemu utaona vichuguu vyeusi, kama vya mchwa, vimejipanga. Ukiviangalia unasema ni mchanga. Akachukua shoka akakwangua kimoja: unene wa kiganja tu ni majivu, ndani barafu tupu inang'aa kama chupa. Majivu yakiwa mengi yanaikinga barafu na jua, basi pembeni inayeyuka, pale inabaki imesimama. Yakiwa kidogo yanafanya kinyume, yanavuta joto, barafu inaisha upesi. Nimekaa na barafu miaka 19 sikuwahi kuelezwa hivyo, wala sikuwahi kumweleza mgeni.

Kisha akatupeleka kwenye shimo. Kijito cha maji ya kuyeyuka kinakuja juu ya barafu, kinafika mahali kinazunguka mara moja, kinaingia chini. Mdomo wa shimo mweupe, chini kidogo bluu, chini zaidi bluu ambayo sina jina lake. Alinishika mkanda kwa nyuma nikachungulia. Unasikia maji lakini huyasikii yakifika.

Tukapumzika. Nikamwambia kwetu kuna kambi inaitwa Barafu, mita 4,600 na ushee. Akauliza, iko juu ya barafu? Nikamwambia jina lipo, barafu yenyewe imepanda juu, na huko juu nako inaisha. Watafiti walishasema kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro imepoteza asilimia 85 hivi ya eneo la barafu yake. Mimi hata bila watafiti, kuna ukuta wa barafu nilikuwa nikipumzikia kivulini mwake nikiwa mgumu, leo ni vumbi.

Akanieleza habari ya Ok. Hilo ni jina la mlima, Ok. Barafu yake ilikonda hadi ikashindwa kusogea kwa uzito wake, na barafu isiyosogea kwao haihesabiwi tena kuwa jökull. Mwaka 2014 ikafutwa kwenye orodha. Agosti 2019 watu walipanda wakiwa na waziri mkuu, wakaweka bamba la kumbukumbu kama kwenye kaburi.

Mkulima_wa_Vasha

Wee, hiyo Iceland msinitajie. 2010 nilikuwa nafanya kazi kwa shamba la maua hapa Naivasha. Mwezi wa nne, waridi zimekatwa, zimefungwa, ziko kwa stoo ya baridi zinangoja ndege. Tukaambiwa ndege haziendi Ulaya, kuna mlima umelipuka mahali, unatapika majivu. Mlima gani? Msimamizi alijaribu kusoma jina akaacha katikati. Tulikaa karibu wiki tukimwaga maua kwa shimo la mbolea, mengine ng'ombe wakala. Halafu wengi wetu tukaambiwa tukae nyumbani bila mshahara hadi tuitwe. Mimi nilidaiwa nyumba juu ya mlima sijawahi kuuona.

Mgumu_wa_Marangu

Mkulima wa Vasha pole sana. Huo ni Eyjafjallajökull, tamka "eya-fyatla-yokutl" ukiwa umekaa. Tulipita chini yake kabisa. Kuna shamba la ng'ombe pale, kijani, ng'ombe wanakula, ungedhani hakuna kilichotokea. Nimekusoma hapa nikakumbuka nilivyopiga picha pale nikicheka.

Mkulima_wa_Vasha

Haina shida, bana. Na sikatai wametusaidia pia. Mafundi wengi wa umeme wa mvuke wa ardhini pale Olkaria wamesomea Reykjavík, miezi sita sita, tangu zamani. Jirani yangu mmoja alienda. Alirudi akituambia maji ya moto yananukia kama mayai yaliyooza na hakuna mtu anajali.

Mgumu_wa_Marangu

Kweli tupu. Maji ya moto yanatoka ardhini moja kwa moja, karibu nyumba zote zinapata joto kwa njia hiyo. Unaoga unanuka yai, unazoea. Ya baridi unakunywa bombani, matamu.

Na nikiwa hapo kwenye kuoga. Mabwawa yao ya kuogelea ya vijijini ni ya maji ya moto, watu wanakaa wanapiga soga kama kijiweni. Ila kabla ya kuingia ni lazima uoge kwa sabuni ukiwa uchi wa mnyama, bafu la pamoja, wanaume kwa wanaume. Ukutani kuna mchoro wa mtu umepakwa rangi sehemu za kusugua, na kuna mzee kazi yake ni kuhakikisha. Mimi nikaingia na kaptula, nikajimwagia, nikajifanya nimemaliza. Mzee akanigonga bega, akanyosha kidole kwenye mchoro. Nikarudi. Nikatoka tena na kaptula. Akanyosha kidole tena. Mara ya tatu nikasema liwalo na liwe. Ndani ya maji nikamkuta mwongozaji, dereva, na mtu ambaye baadaye niliambiwa ndiye mchungaji wa pale. Wote wananisalimia vizuri.

BintiForodhani

Astaghfirullah. Mie ningebaki basini.

Mgumu_wa_Marangu

Baadhi ya mabwawa yana vyumba vyenye pazia, dada. Niliambiwa baada ya kuvuliwa.

Mzee_wa_Fitina

Sasa naanza kuamini. Hakuna mtu anatunga aibu ya aina hiyo. Twende kwenye hela: bahasha mlimpa shilingi ngapi?

Mgumu_wa_Marangu

Swali zuri, na ndilo lililonikosesha usingizi.

Wasiojua: mlimani kwetu mshahara ni wa kukusogeza tu, tipu ndiyo maisha. Siku ya mwisho pale Mweka, lango la kushukia, wageni wanasimama, tunaimba, bahasha inafunguliwa, na hapo ndipo mgumu anajua kama mtoto ataenda shule. Nimewahi kufanya kazi kwa kampuni, siitaji, ambayo mgumu alilipwa baada ya wiki tatu na kukatwa chakula. Kwa hiyo siku ya saba nikamwambia dada tuchange. Akasema huku hawana desturi hiyo. Nikakataa, nikaona ni uchoyo wa Ulaya.

Jioni nikamfuata jamaa nyuma ya basi anapanga helmeti, nikampa noti zilizokunjwa kiganjani, kama tunavyofanya. Akazirudisha kwa heshima. Akasema ana mshahara, ana chama cha wafanyakazi, akiumia analipwa. Akaniuliza wapagazi wetu wanabeba kilo ngapi. Nikamwambia sheria ni 20, wanapimwa langoni. Akauliza, na baada ya lango? Nikageuza mazungumzo. Guide ukiulizwa na guide, huna pa kujificha.

Bei za kule sasa. Supu ya kondoo bakuli moja nilihesabu kama elfu hamsini ya kwetu. Majira ya joto kondoo wao ni wengi kuliko watu, na bado! Ila ni tamu, ina mboga, na ukimaliza wanakuongeza bure sehemu nyingi. Samaki mkavu wao, harðfiskur, unapakwa siagi. Mtu wa Mwanza atajisikia nyumbani. Yule papa aliyeozeshwa, hákarl, nilionja kijipande. Sitaki kuzungumzia.

Siku za katikati: Jökulsárlón ni ziwa ambalo barafu zinakatika na kuelea hadi baharini, mawimbi yanazirudisha kwenye mchanga mweusi, zinalala pale zinang'aa. Pazuri kupita maelezo. Reynisfjara, ufukwe mwingine mweusi, mwongozaji aligeuka askari: msiipe bahari mgongo. Mawimbi yanakuja madogo madogo, ghafla moja linapanda hadi juu linavuta watu, na wamekufa watu pale. Landmannalaugar ilikuwa milima ya rangi, njano, waridi, kijani, na basi lenye matairi ya trekta linakatiza mito. Nilitaka kuandika zaidi ila nataka nifike kwenye lava.

Chukudu_Goma

Miye niko mtu wa Goma. Nasoma hapa tangu mwanzo. Nangoja hiyo ya lava.

Mgumu_wa_Marangu

Karibu ndugu. Naandika kwa adabu basi.

Njia ilikuwa imefungwa siku mbili kwa hali ya hewa, ikafunguliwa. Tulikwenda tarehe 10, jioni. Watoto chini ya miaka 12 walikuwa wamezuiwa. Ni kama kilomita saba kwenda, mawe matupu, upepo wa kukung'oa. Njiani wamesimama vijana na wazee wenye jaketi nyekundu, vikosi vya uokoaji, wote ni wa kujitolea, mwingine mchana ni mwalimu au fundi bomba. Wanakagua viatu. Mmoja alimrudisha mtu mwenye raba za mjini, bila ugomvi.

Unaisikia kabla ya kuiona. Nilitarajia mngurumo. Kumbe ni sauti ya mawimbi, kama umelala nyumba ya jirani na bahari. Tukapanda kilima cha mwisho na lile bonde likawa chini yetu: ufa unarusha uji mwekundu juu, unaanguka, unatiririka. Pembezoni lava imeshapoa juu, nyeusi, inasogea polepole sana, na inapopasuka inatoa sauti ya vioo vinavyogongana kwenye ndoo. Joto linakuchoma uso huku mgongo umeganda. Watu wamekaa kwenye mawe wanakula mikate. Mchumba mmoja kamvisha mwenzake pete.

Mwongozaji alikuwa na kifaa cha kupima gesi kiunoni, kila baada ya dakika chache anakiangalia na kuangalia upepo. Kikalia mara moja akatuhamisha, hakueleza, akaelezea tulipofika. Nimekaa saa mbili. Mlima ninaofanyia kazi nao ni volkeno, juu kule kwenye shimo la Reusch unanusa kiberiti, lakini sikuwahi kuufikiria kama kitu kilicho hai.

Chukudu_Goma

Asante. Sasa nami niseme.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, ni kusema Jumamosi, saa za jioni, mbingu ikawa nyekundu juu ya Nyiragongo, volkeno yetu. Hakuna mtu alitupa habari. Tulitoka na watoto, na matela, yaani magodoro, mwingine na chukudu yake, ile ya mbao ya kubeba mizigo, wengine njia ya Sake, wengine Gisenyi. Lava ilifika Buhene, ikasimama mbele ya kufika uwanja wa ndege. Nyuma ya siku tano wakatuambia muhame tena, moto unaweza kutokea chini ya mji na chini ya ziwa. Mwaka 2002 nilikuwa kijana, ile ilipita katikati ya mji mpaka ndani ya Kivu. Lava ya Nyiragongo ni maji, ndugu, inakimbia. Haingoji mtu avishe pete.

Nyumba yangu nimejenga na mawe ya ile ya 2002. Ndiyo iko karibu, ndiyo iko bei rahisi.

Sikasiriki. Nataka kuuliza tu: wale watu wa pale, wenyeji, nao walikuwa wanakula mkate?

Mgumu_wa_Marangu

Ndugu, nimesoma mara mbili nikaweka simu chini kidogo.

Wengi walikuwa wanakula mkate, ndiyo. Ile ya 2022 ilitokea bondeni pasipo nyumba, wakaita ya watalii. Lakini nyuma ya kilima kile kuna mji wa wavuvi, Grindavík. Usiku wa tarehe 10 Novemba 2023 waliamriwa watoke wote, karibu watu elfu nne, ardhi inapasuka barabarani. Januari 2024 lava ikaingia ikachoma nyumba tatu. Nilimwandikia yule mwongozaji wetu kumpa pole, akajibu shangazi yake alitoka na paka na albamu ya harusi. Tofauti yao na nyinyi ni kwamba wao walipewa taarifa kabla, na baadaye serikali ikajitolea kununua nyumba zao.

Chukudu_Goma

Hapo sasa umejibu. Paka na albamu. Sisi mama yangu alitoka na sufuria ya maharagi, ilikuwa haijaiva.

Kijana_wa_Himo

Mkuu shikamoo. Mimi ni msaidizi njia ya Rongai. Mtu anawezaje kupata kazi ya kuongoza kule?

Mgumu_wa_Marangu

Marahaba mdogo wangu. Sitakudanganya, kibali cha kazi kwa mtu wa nje ya Ulaya ni kigumu, na anayekuahidi umlipe kwanza mkimbie. Ila soma. Yule jamaa kozi zake za barafu na uokoaji zilichukua misimu kadhaa, na kila mwaka wanarudia. Jifunze kufunga kramponi za watu kumi na wanne bila kununa, uje uniambie.

Mwezi_Mchanga

Hivi huyo jamaa mliachana hapo hapo?

Mgumu_wa_Marangu

Alikuja. Februari mwaka jana, njia ya Lemosho, mteja wangu, yeye na mke wake. Alikataa kubebewa begi, wagumu wakamcheka hadi Shira, siku ya tatu kichwa kikamgonga akalitoa mwenyewe. Pale Barafu Camp alizunguka anatafuta barafu, nikamwacha atafute. Alfajiri kule juu alivua glavu akaweka mkono kwenye ukuta wa barafu uliobaki, akauliza kibao cha kupimia kiko wapi.

Mweka, vijana wakaimba, akatoa bahasha. Nono. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, si ulisema wewe mshahara unatosha?

Akasema, wangu.

Mzee_wa_Fitina

Mkuu nimekukubali. Lile jaketi la chungwa ulirudisha?

Mgumu_wa_Marangu

Liko msumarini hapa nyuma ya mlango. Alisahau kuliulizia.

Mwezi_Mchanga

Na picha bado.